Anwani Inayoanza na Kistari Wima

Hadithi iliyoniharibia wiki ilikuwa inaitwa "Ng'ombe wa Mjomba". Sijui kama ilikuwa tamu, wakati huo sikuwa nimeisoma. Nilichojua ni kwamba Jumanne usiku ilifika kwa seva, na seva ikagoma.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kikundi fulani kilikuwa kinaandaa shindano la hadithi fupi, na kilitaka kila barua pepe inayotumwa kwa anwani ya shindano ijihudumie: hadithi iingie kwa folda, jina la mwandishi liingie kwa orodha, mtumaji ajibiwe kwamba imefika. Bajeti yao ilikuwa shilingi 8,000. Mimi nilikuwa na laptop, miaka miwili ya kompyuta chuoni kabla karo haijanitoa, na deni la nyumba. Nilisema ndiyo hata kabla hawajamaliza sentensi.

Nikaandika programu ya mistari kama thelathini, nikaipandisha kwa seva, kisha nikaongeza mstari mmoja tu kwenye faili ya lakabu, ile orodha inayoiambia seva ya barua nani ni nani:

hadithi: "|/home/tuzo/pokea"

Kistari wima hicho ndicho habari yote. Kinaiambia seva: barua ikija kwa jina la "hadithi", usiitafutie sanduku. Amsha programu hii, kisha uimiminie barua nzima, kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho.

Ilifanya kazi wiki mbili bila shida. Kisha akaja ng'ombe. Programu yangu ilikuwa inachukua mada ya barua na kuifanya jina la faili, na mimi, kwa uvivu, nilikuwa naunganisha maneno kuwa amri moja ndefu na kuikabidhi sheli, ile programu ya Unix inayosoma amri na kuzitekeleza. Mada yenyewe nilikuwa nimeizungushia ritifaa mbili, moja mbele, moja nyuma, kwa sababu kwa sheli ritifaa ni ua: kilichomo ndani ni maneno tu, hakitekelezwi. Sasa "Ng'ombe" ikaja na ritifaa yake kutoka nyumbani. Ua likafungwa baada ya herufi mbili, na "ombe wa Mjomba" ikabaki nje, barabarani, pale ambapo sheli huchukulia kila neno kuwa sehemu ya amri.

Nilimwonyesha mzee mmoja ninayemjua, mtu aliyesimamia seva enzi za modemu zile za kulia kama paka. Hakucheka. Aliniuliza, "Na kama badala ya ng'ombe angeandika ritifaa, nukta mkato, halafu amri ya kufuta kila kitu?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Kijana, enda usome mambo ya 1988."

Nilisoma. Nikarudi nyuma hadi 1973, kisha nikaja mbele hadi 2020, na kazi ya watu ikachelewa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Wazo la kumimina kitu kutoka programu moja hadi nyingine ni la Doug McIlroy wa Bell Labs. Mwaka wa 1964, kabla Unix haijazaliwa, aliandika waraka mfupi akisema programu zingefaa kuunganishwa kama mipira ya kumwagilia bustani: ukitaka kushughulikia data kwa njia nyingine, unafunga kipande kingine. Wazo lilikaa karibu miaka kumi. Mwaka wa 1973 Ken Thompson akaliingiza kwenye Unix, na baadaye alama yake ikawa kile kistari wima. Watu huliita bomba, na kusema kweli ni bomba. Programu ya kushoto haijui nani yuko kulia. Inamwaga tu.

Barua nayo ilikuwepo tangu toleo la kwanza la Unix, 1971. Hapo mwanzo ilikuwa faili tu: mtu akikuandikia, maneno yanaongezwa mwisho wa faili yako. Mambo yalibadilika Berkeley, chuo kikuu cha California, ambapo mradi wa hifadhidata wa INGRES ulikuwa na kitu adimu, kiungo cha ARPANET. Kila mtu chuoni alitaka akaunti kwa mashine ya INGRES ili apate barua za nje. Eric Allman, mwanafunzi aliyekuwa kwenye mradi huo, aliona ni nafuu kuandika programu ya kusukuma barua kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kuliko kumgawia kila mtu akaunti. Programu hiyo, delivermail, ilitoka 1979. Mrithi wake, sendmail, ilianza kusambazwa na BSD mwaka wa 1983, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya barua za intaneti.

Ukisoma usanifu wake unaona mtu aliyetaka kila kitu kiwe anwani. Jina la mtu ni anwani. Faili ni anwani: ukianza na mkwaju, barua inaandikwa humo. Na programu pia ni anwani: ukianza na kistari wima, barua inamiminwa humo. Ni wazo maridadi, sitadanganya. Ukiwa na hilo huhitaji kubuni kitu kipya ili barua ianze kufanya kazi. Programu ya vacation ilikuwa inawajibu watu ukiwa likizoni. Nyingine zilikuwa zinasajili majina. Kila mtumiaji aliweza kuweka faili ndogo ya .forward nyumbani kwake, aandike kistari wima na jina la programu, na barua zake zikaanza kujipanga zenyewe.

Shida ni swali ambalo wazo lenyewe haliulizi: nani ana haki ya kuandika anwani kama hiyo? Msimamizi akiiandika kwa faili ya lakabu, sawa. Wewe ukiiandika kwa .forward yako, sawa, ni nyumba yako. Lakini seva ya barua inaongea na mtu yeyote. Mgeni kutoka mji usioujua anabisha mlango wa 25, anasema barua hii inaenda kwa fulani, na sehemu ya "fulani" anaijaza yeye. Akiijaza kwa kistari wima je?

Sendmail ilikuwa na ukaguzi wa kukataa hilo. Ilikuwa pia na neno moja, DEBUG, lililowekwa kwa ajili ya majaribio. Mgeni akilitamka, ukaguzi unalala. Mashine nyingi zilikuwa zimefika kwa wanunuzi neno hilo likiwa bado linafanya kazi.

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa uzamifu wa Cornell mwenye miaka 22, aliachilia programu yake kutoka mashine ya MIT ili isionekane imetoka kwake. Ilikuwa na njia kadhaa za kuingia: kasoro ya programu ya finger, kubahatisha manenosiri, mashine zilizoaminiana bila kuulizana. Lakini ile iliyonikaa kichwani ni ya barua. Mnyoo unabisha mlango wa 25. Unasema DEBUG. Kisha mahali pa jina la mpokeaji unaandika kistari wima, na baada yake amri mbili fupi: ya kwanza inakata barua kuanzia juu hadi ule mstari mtupu unaotenganisha kichwa na mwili, ya pili ni sheli. Soma tena. Kata kichwa, mwili upe sheli. Barua yenyewe, mwili mzima, ikawa amri. Ndani ya mwili kulikuwa na maagizo ya kuandika programu ndogo ya C yenye mistari 99, kuikusanya papo hapo, kuiendesha, nayo ikapiga simu nyumbani kuleta mnyoo mzima.

Hakuna mtu aliyefungua barua. Hakuna aliyebonyeza kiungo cha "umeshinda gari". Siku hizi tunafundishwa kwamba usalama wa barua pepe ni tabia ya msomaji, usibonyeze, usipakue. Hapa msomaji alikuwa amelala na barua ilikuwa tayari imefanya kazi yake.

Morris alikuwa ameweka kizuizi ili mnyoo usijirudie kwa mashine moja, halafu akahofia kwamba wasimamizi wangeudanganya kwa kujifanya tayari wameambukizwa. Basi akauagiza, mara 1 kati ya 7, ukae tu hata ukikuta mwenzako. Hesabu hiyo ndiyo iliyoua. Mashine zilijaa minyoo hadi zikashindwa kupumua. Makadirio yaliyoenea ni mashine 6,000, karibu asilimia 10 ya intaneti ya wakati huo, ingawa Paul Graham, rafiki yake Morris, ameandika kwamba alikuwepo hesabu hiyo ilipopikwa: mtu alikisia intaneti ni mashine 60,000, akakisia tena moja kwa kumi. Wengi walijikinga kwa kuzima seva ya barua, na kwa hiyo maonyo na tiba, vilivyokuwa vinatumwa kwa barua, havikuwafikia.

Babake Morris alikuwa mwanasayansi mkuu wa kitengo cha usalama wa kompyuta cha NSA. Mwana alipatikana na hatia, na mwaka wa 1990 akapewa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kazi ya jamii na faini ya dola 10,050. Cornell ilimsimamisha. Akamaliza uzamifu Harvard mwaka wa 1999, akawa profesa MIT, chuo kilekile alichotumia kujificha. Sina kinyongo naye. Ni vile tu mtu aliyetolewa chuoni na karo huisoma sentensi hiyo polepole kidogo.

Neno DEBUG lilizimwa kwa haraka. Kistari wima hakikuzimwa, kwa sababu watu walikuwa wanakihitaji, na miaka iliyofuata ni kama tamthilia ya watu wanaoziba tundu moja huku wakikaa juu ya lingine.

Lakabu ya "decode", kwa mfano. Mashine nyingi zilikuja nayo kwenye faili ya lakabu tangu dukani. Wakati huo barua ilibeba maandishi tu, kwa hiyo ukitaka kutuma picha au programu unaigeuza kuwa herufi kwa uuencode, na mpokeaji anairudisha kwa uudecode. Mtu mwenye nia njema akaona: mbona tusielekeze barua za "decode" moja kwa moja kwa uudecode, zijifungue zenyewe? Alichosahau ni kwamba jina la faili, pamoja na mahali inapokwenda, limeandikwa ndani ya barua. Mtumaji ndiye anachagua. Unamwandikia "decode" barua, na faili yako inatua popote ambapo mtumiaji anayeendesha programu hiyo ana ruhusa ya kuandika, hata iwe ile faili ya mtu inayosema ni mashine gani ziingie bila nenosiri.

Dan Farmer na Wietse Venema waliieleza hii mwaka wa 1993, kwenye makala iliyowashauri wasimamizi wajivunjie nyumba zao wenyewe kabla wezi hawajafika. Walieleza na nyingine ambayo, nikiri, ilinifanya nicheke peke yangu kwa matatu. Tuseme seva inakataa kistari wima kwa mpokeaji. Poa. Mpe basi kwa mtumaji. Mwandikie mtu ambaye hayupo kabisa. Seva itamtafuta, itamkosa, na kwa adabu itairudisha barua kwa aliyeituma. Na aliyeituma ni nani? Ni programu. Seva inajiendeshea amri ya adui kwa sababu ya ustaarabu.

Mwaka huohuo ikatoka smrsh, sheli yenye minyororo. Badala ya kuwapa wageni sheli kamili, sendmail ingeita hii, nayo ina sheria mbili za nyumba ya bibi mkali. Kwanza, inaendesha tu programu zilizowekwa kwenye folda moja maalum na msimamizi. Hata uandike njia ndefu namna gani, inakata yote na kubakisha jina la mwisho, halafu inalitafuta kwa folda yake. Pili, ukileta alama kama nukta mkato, kistari wima kingine, au alama ya dola, inakataa kabisa. Haijaribu kuelewa ulimaanisha nini. Kwangu mimi hiyo ndiyo akili. Programu yangu ya shindano ilijaribu kuelewa.

Hapa lazima niseme kuhusu nambari 75, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu zaidi.

Programu yoyote ya Unix ikimaliza kazi huacha nambari mlangoni. Sufuri ni "kazi imeisha, sina neno". Tangu siku za delivermail kuna orodha ya nambari za barua, kuanzia 64 hadi 78, zinazoieleza seva kilichotokea. 67 ni "huyo mtu simjui", basi barua irudishwe. 77 ni "sina ruhusa". Na 75 ni "sasa hivi siwezi, jaribu baadaye". Seva ikiona 75 haimrudishii mtu barua na haiitupi. Inaiweka kwa foleni na kuijaribu tena baada ya muda, kwa kawaida hadi siku 5. Ni uungwana mkubwa ndani ya tarakimu mbili.

Procmail, programu ya kupanga barua aliyoianzisha Stephen van den Berg mwaka wa 1990, iliwafundisha watu kuandika mstari huu kwenye .forward:

"|IFS=' ' && exec /usr/local/bin/procmail -f- || exit 75 #jina"

Kizazi kizima kilinakili mstari huo bila kuuelewa, kama mwanafunzi anavyonakili hesabu ya jirani. Lakini kila kipande kina kaburi chini yake. Ile IFS ya mwanzo inairudisha sheli kwa alama ya kawaida ya kutenganisha maneno, kwa sababu sheli za zamani zilikubali kurithi alama kutoka kwa aliyeziita, na mtu mjanja aliweza kuzirithisha mkwaju, ili njia ya programu isomwe kama maneno mawili tofauti. Ile "exit 75" inasema: kama procmail yenyewe imekataa kuamka, labda diski ya mtandao haijaunganishwa, usitupe barua, jaribu baadaye. Na "#jina" mwishoni? Kwa sheli ni maoni tu, haifanyi chochote. Iliwekwa kwa sababu sendmail, ikiona wapokeaji wawili wenye anwani moja, ilikuwa inapeleka barua mara moja tu. Sasa wafanyakazi wawili wenye .forward zinazofanana herufi kwa herufi, kila mmoja akiita procmail, kwa sendmail walikuwa mtu mmoja. Mmoja anapata barua, mwingine anakaa akidhani hakuna aliyemkumbuka. Ndipo watu wakaanza kujiandika majina mwishoni, ili mashine iwatofautishe.

Hiyo ndiyo gharama ya kusema programu ni anwani.

Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Chicago, alilisema waziwazi alipoandika qmail, iliyofika toleo la 1.0 mwaka wa 1997. Msimamo wake: programu si anwani, faili si anwani, tusizichanganye. Katika qmail, mgeni anataja anwani pekee. Nini kitatokea kwa anwani hiyo kimeandikwa mahali pengine, na mwenye nyumba, kwenye faili zake za.qmail. Kazi yenyewe aliikatakata vipande, kila kipande na mtumiaji wake, na karibu vyote bila mamlaka ya root. Anayepokea barua mlangoni hana ufunguo wa stoo, na anayesimamia foleni hana ufunguo wa mlango. Akatoa ahadi ya dola 500 kwa atakayepata tundu la usalama. Mwaka wa 2005 Georgi Guninski alionyesha tundu kwenye mashine za biti 64. Bernstein akasema hakuna anayeipa qmail kumbukumbu nyingi hivyo, na hakulipa. Mwaka wa 2020 watafiti wa Qualys walithibitisha kwamba tundu linaweza kutumika. Mtu akiniuliza, angelipa tu.

Venema, yule wa makala ya 1993, alikuja na Postfix mwishoni mwa 1998, akiwa IBM. Ndiyo iliyokuwa kwenye seva ya shindano letu, na nikisoma maelezo yake sasa naona aibu, maana kila kosa langu lilikuwa limetabiriwa. Ana mlango maalum wa kupeleka barua kwa programu ambao hauiti sheli kabisa: programu inapewa maneno yake moja moja, kila neno kwenye bahasha yake, kwa hiyo ritifaa ni ritifaa tu, na ng'ombe ni ng'ombe. Mlango huo unakataa kuendesha kitu kama root. Na kuna sheria moja ndogo naipenda: kwa kawaida, anwani inayoanza na kistari hukataliwa. Kwa nini? Kwa sababu programu nyingi zikipewa neno linaloanza na kistari hufikiri ni agizo, si jina. Mtu akijiita "-f" anaweza kuigeuza programu bila kuvunja chochote.

Mimi nilikuwa nimeupita mlango huo wote, nikatumia njia ya lakabu, halafu nikaita sheli mwenyewe kutoka ndani. Fundi anakuwekea geti la chuma, nawe unatoboa ukuta wa nyuma ili usizunguke.

Ungedhani baada ya hapo mambo yalitulia. Mwezi wa Septemba 2014 Stéphane Chazelas aligundua kasoro kwenye bash, sheli inayotumika kila mahali, iliyokuwa imejificha humo tangu 1989. Ikapewa jina Shellshock. Bash ilikuwa inasoma mazingira yake, zile thamani inazorithi kutoka kwa aliyeiita, na baadhi yake ilikuwa inazitekeleza. Na qmail, hata na nidhamu yake yote, huweka anwani ya mtumaji kwenye mazingira kabla ya kuita programu. Haikuwa imekosea popote. Ilimkabidhi bash karatasi yenye jina la mgeni, na bash ikatii karatasi.

Juni 2019, Qualys walitoboa Exim, moja ya seva za barua zinazotumika sana duniani. Anwani ya mpokeaji iliyoandikwa kwa namna fulani ilisomwa kama amri, na kwa mamlaka ya root. Kwa mshambuliaji wa mbali, kwa mipangilio ya kawaida, ilibidi ashikilie mawasiliano wazi kwa siku 7, akituma herufi moja kila baada ya dakika chache. Siku saba! Kuna watu hawawezi kusubiri foleni ya choo.

Januari 2020 ikawa zamu ya OpenSMTPD, iliyozaliwa kwa watu wa OpenBSD, watu ambao usalama kwao ni kama swala. Anwani ya mtumaji yenye nukta mkato, bila sehemu ya baada ya "@", ilipita ukaguzi na kuingizwa kwenye amri ya sheli. Ilikuwa na kikwazo: jina la mtumaji lisizidi herufi 64, na alama kadhaa hatari zilikuwa zinabadilishwa. Haitoshi kuandika shambulio zima. Kwa hiyo watafiti wa Qualys waliazima mbinu, na walisema wenyewe wameitoa wapi: kwa mnyoo wa Morris. Anwani ifanye jambo moja tu, iruke kichwa cha barua na kuupa sheli mwili. Miaka 31 na miezi michache baadaye, kata kichwa, mwili upe sheli.

Mzee wangu alipoisikia hiyo ndipo alipocheka.

Nilirekebisha ile ya ng'ombe usiku huohuo. Nikaacha kuunganisha amri, jina la faili likawa nambari tu, na mada ya barua nikaiandika ndani ya faili, mahali ambapo haiwezi kumuumiza mtu. Nilijiona mjanja. Kilichobaki, na sikukiona, ni mstari wa mwisho wa programu, uliokuwa unaandika "imepokelewa" kwenye daftari la seva na kuondoka. Mstari wa mwisho ndio unaoamua nambari inayoachwa mlangoni. Na kuandika neno "imepokelewa" hakujawahi kushindwa.

Tarehe ya mwisho ya shindano ilikuwa Jumapili. Ijumaa usiku diski ya seva ilijaa. Hadithi zikaanza kufika, kwa sababu Wakenya ni watu wa dakika ya mwisho, na kila moja ilipofika programu yangu ilijaribu kuihifadhi, ikashindwa, ikasonga mbele hadi mstari wa mwisho, ikajaribu kuandika "imepokelewa" kwenye daftari lililokuwa kwa diski nyingine yenye nafasi, ikafaulu, ikaacha sufuri. Postfix ikaona sufuri, ikasema asante, ikafuta barua kwenye foleni. Kila mtumaji alijibiwa kwamba hadithi yake imefika. Jumatatu asubuhi nilikuta folda ambayo haikuwa imeongezeka tangu Ijumaa, na daftari lenye majina 41.

Kama ningeandika 75, zote 41 zingekuwa kwenye foleni, zikisubiri mtu afute takataka kwa diski.

Kikundi hakikupiga kelele. Kilisema niwaandikie mwenyewe, mmoja mmoja, kwa jina langu. Nilikaa siku nzima. Wengi walituma tena ndani ya saa chache, wengine na matusi kidogo, ambayo niliyastahili. Kufikia Alhamisi zilikuwa zimerudi 38. Wawili hawakujibu kamwe. Wa mwisho alijibu Ijumaa, msichana wa kidato cha nne, akasema aliandikia hadithi yake saibani, akaituma, akafuta kwa kompyuta ya watu kama alivyofundishwa. Hakuwa na nakala. Alisema angejaribu kuikumbuka, kama tungemwongezea wiki moja.